Mtu Ambaye Hakukimbia

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka ya Marekani, kati ya Februari 2001 na Machi 2002 mtu mmoja aliyejiita Solo aliingia bila ruhusa katika kompyuta 97 za serikali ya nchi hiyo: za jeshi la nchi kavu, la majini, la anga, Wizara ya Ulinzi na NASA. Jina lake ni Gary McKinnon, mzaliwa wa Glasgow, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta. Alifanya hayo yote akiwa kaskazini mwa London, katika nyumba ya shangazi wa mpenzi wake, kupitia modemu ya simu. Alisema alikuwa anatafuta ushahidi kwamba Marekani inaficha habari za visahani vinavyoruka na viumbe wa sayari nyingine.

Unaweza kucheka, na Waingereza wengi walicheka. Hati ya mashtaka haikuwa na la kuchekesha. Ilisema alifuta mafaili muhimu, na kwamba mtandao wa jeshi wa wilaya ya Washington, wenye kompyuta zaidi ya 2,000, ulizimika kwa saa 24. Ilisema pia kwamba muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kituo cha silaha cha jeshi la majini cha Earle, New Jersey, kilibaki na kompyuta zipatazo 300 zisizofanya kazi. Hasara yote ilitajwa kuwa zaidi ya dola 700,000. McKinnon alikiri kuingia, akakana kuharibu. Hakukana kwamba katika kompyuta moja aliacha ujumbe wa kuilaani sera ya nje ya Marekani na kuahidi kwamba Solo ataendelea kuvuruga. Wanaomtetea hupenda kuruka ujumbe huo. Mimi naona ni haki uwepo mezani.

Lakini aliingiaje? Hapa ndipo habari inapoaibisha upande wa pili. Aliandika programu ndogo ya kuzipitia kompyuta nyingi kwa muda mfupi ikitafuta zile ambazo akaunti ya msimamizi haikuwekewa nywila kabisa, au ilibaki na ile ya kiwandani. Zilikuwepo. Waendesha mashtaka waliuita huo udukuzi mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa dhidi ya kompyuta za jeshi. Ulifanywa na mtu aliyesukuma milango kuona upi haukutiwa komeo.

Wala haikuwa siri kwamba milango ilikuwa hivyo. Mwaka 1996 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ikinukuu makadirio ya Wizara ya Ulinzi yenyewe: huenda kompyuta zake zilishambuliwa mara 250,000 kwa mwaka mmoja, 1995, na zaidi ya nusu ya majaribio hayo yalifaulu. Ripoti hiyo ilitoka miaka mitano kabla ya Solo kuwasha modemu yake.

Ipo kesi ya nyuma zaidi ambayo siku hizi haitajwi sana. Machi 1994 maofisa wa Rome Laboratory, maabara ya jeshi la anga katika jimbo la New York, waligundua kwamba kuna watu ndani ya mtandao wao. Waliwafuatilia kwa wiki kadhaa. Mmoja alijiita Datastream Cowboy, mwingine Kuji. Siku moja waliona data za taasisi ya utafiti wa nyuklia ya Korea zikivutwa kupitia kompyuta za Marekani, wakashikwa na hofu kwamba ni ya Korea Kaskazini na kwamba Pyongyang ingeona kama Marekani inaishambulia. Ikaja kujulikana ni ya Kusini. Cowboy naye alikuwa kijana wa miaka 16, London, akitumia simu ya nyumbani kwao. Kuji alikuwa Cardiff, naye alikuwa anatafuta visahani vinavyoruka.

Angalia kilichowapata. Walishtakiwa Uingereza, chini ya sheria ya Uingereza ya 1990 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta. Cowboy alitozwa faini ya pauni 1,200 mwaka 1997. Kesi ya Kuji ilifutwa mwaka huohuo. Hawakukabidhiwa kwa Marekani, wala magazeti hayakuwa na vita vya kupigana.

Kiswahili chetu kinasema kumrejesha mhalifu, na neno hilo limebeba historia ndani yake. Kurejeshwa kunadai kwamba mtu alikuwa kule, akatenda, akakimbia. Mikataba ya zamani iliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mwizi wa benki aliyepanda meli, muuaji aliyevuka mpaka usiku. McKinnon hakukimbia popote. Alikuwa chumbani alipotenda, na polisi walipomhoji Machi 2002 alikuwa bado yuko London. Nyayo zake peke yake ndizo zilizokuwa Marekani. Sasa mtu kama huyu anarejeshwa wapi? Kesi yote, kwa miaka kumi, ililizunguka swali hilo, ingawa ni mara chache liliulizwa waziwazi.

Baada ya kesi ile ya 1994 vilibadilika vitu viwili. Kimoja ni Septemba 11, na hicho hakihitaji maelezo. Cha pili ni sheria. Machi 2003 David Blunkett, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alitia saini mkataba mpya na Marekani, na sheria iliyotungwa mwaka huo ikaanza kutumika Januari 2004. Kabla yake, Marekani ilipomtaka mtu ililazimika kuionyesha mahakama ya Uingereza ushahidi wa awali. Baada yake ilitosha kutoa maelezo yanayojenga shaka ya msingi. Wanasheria wamebishana sana kama hilo ni sawa na kile Uingereza inachotakiwa kuonyesha inapomtaka Mmarekani. Jaji mstaafu Scott Baker aliongoza uchunguzi, na mwaka 2011 ripoti yake ikasema mkataba hauna upendeleo. Nadhani kwa hoja za kisheria alikuwa karibu na ukweli. Ila wakati huo wananchi walikuwa wameshaacha kubishana juu ya hoja za kisheria.

Mahakama nitazipita haraka, maana zote zilisema jambo moja. Hakimu wa Bow Street alipendekeza akabidhiwe, Mei 2006. Waziri John Reid alitia saini Julai. Mahakama Kuu ilikataa rufaa mwaka 2007, Baraza la Malodi mwaka 2008, na mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu ikakataa kusimamisha safari mwezi mmoja baadaye. Kwenye hukumu ya Malodi kuna kipengele kimoja tu cha kusimama. Marekani ilikuwa imempa McKinnon ofa: aje kwa hiari, akiri, na kifungo kitakuwa miaka mitatu hadi minne, sehemu kubwa akiitumikia Uingereza. Akikataa, miaka minane hadi kumi, pengine zaidi, bila ahadi ya kurudishwa kwao. Mawakili wake waliita hiyo vitisho. Malodi walisema ni mapatano ya kawaida ya kisheria na hakuna aliyeonewa.

Hadi hapo, kiangazi cha 2008, maoni ya umma yalikuwa vuguvugu. Walioifuata kesi walikuwa watu wa kompyuta, watu wa visahani, na wabunge wachache. Agosti mwaka huo Profesa Simon Baron-Cohen wa Cambridge alimpima McKinnon na kumkuta na Asperger, hali iliyo katika kundi la usonji. Tangu hapo kesi ikageuka.

Aliyeigeuza ni mama yake, Janis Sharp. Nimesoma kitabu chake, na kinachonishangaza ni jinsi alivyoacha mapema kubishana kuhusu mamlaka ya mahakama akaanza kuzungumza kuhusu mwanawe: hawezi kupanda ndege peke yake, ataogopa, atajiua. Hilo kila mzazi alilielewa. Mwaka 2009 gazeti la Daily Mail, ambalo kwa kawaida halina huruma na watuhumiwa, lilianzisha kampeni ya kumtetea. David Gilmour wa Pink Floyd alirekodi wimbo wa kumwunga mkono, pamoja na Chrissie Hynde na Bob Geldof. Boris Johnson, wakati huo meya wa London, alimtetea kwa maandishi. David Cameron na Nick Clegg, wote wakiwa upinzani, walisema asiende. Julai 2009 suala lilipofika kwenye kura bungeni, wabunge wa Labour waliokuwa wameonyesha huruma waliifuata serikali yao, na mwenzao Andrew MacKinlay akachukizwa kiasi cha kutangaza kwamba anaachana na ubunge. Mwaka uliofuata Janis Sharp aligombea ubunge Blackburn, dhidi ya Jack Straw. Kura alizopata hazikufika 200. Waingereza walimhurumia kwa wingi, ila huruma hiyo haikuvuka hadi kwenye sanduku la kura.

Haikuhitajika kuvuka. Cameron, sasa Waziri Mkuu, aliizungumza kesi hiyo na Obama, Ikulu ya Marekani, Julai 2010. Na tarehe 16 Oktoba 2012 Theresa May, Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama bungeni akasema hatamkabidhi, kwa sababu hatari ya kujiua ni kubwa kiasi kwamba kumpeleka kungevunja haki zake za binadamu. Alitangaza pia kwamba sheria itarekebishwa ili mahakama iweze kuzuia mtu asipelekwe pale ambapo haki inatendeka vizuri zaidi kesi ikisikilizwa Uingereza. Desemba 14 Mkurugenzi wa Mashtaka, Keir Starmer, alisema McKinnon hatashtakiwa nyumbani pia: ushahidi uko Marekani na uwezekano wa kumtia hatiani si mkubwa. Ikaishia hapo. Hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza alifanya nini hasa katika zile kompyuta 97.

Masimulizi mengi huishia hapo, kwenye picha ya mama akilia kwa furaha. Mimi nataka nirudi nyuma siku 11.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 2012, watuhumiwa watano waliondoka Uingereza kwa ndege kwenda Marekani. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuijua safari ile. Wawili kati yao, Khaled al-Fawwaz na Adel Abdel Bary, walikuwa wanatakiwa kwa mabomu ya Agosti 7, 1998, Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224. Walikuwa wamepinga kukabidhiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Bary alikiri mashtaka na kufungwa miaka 25. Fawwaz alipata kifungo cha maisha mwaka 2015. Sitajifanya kwamba nilihuzunika. Ukizaliwa huku, mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa haukujii kwanza kama sura ya Gary McKinnon. Unakujia kama barabara ya Haile Selassie, Nairobi, Ijumaa asubuhi.

Wa tatu alikuwa mhubiri Abu Hamza. Wawili waliobaki, Babar Ahmad na Talha Ahsan, walikuwa raia wa Uingereza wa London kusini, na kesi yao ilikuwa ya intaneti. Walidaiwa kuendesha tovuti zilizowaunga mkono wapiganaji wa Chechnya na Taliban. Wao pia hawakukimbia: walikuwa London, na kilichowaunganisha na Marekani ni kwamba moja ya seva za tovuti hizo ilikuwa Connecticut. Ombi la kutaka Ahmad ashtakiwe Uingereza lilipata saini zaidi ya 100,000. Talha Ahsan, mshairi aliyesomea Kiarabu SOAS, alikuwa amekaa mahabusu tangu Julai 2006 bila kesi yake kusikilizwa. Mwaka 2009 yeye pia alipimwa akakutwa na Asperger.

Mashtaka hayafanani, hilo nalijua. Kuwachangia Taliban si kutafuta visahani, na wote wawili baadaye walikiri. Mtu anaweza kusema kwa nia safi kwamba May alipima hatari ya kujiua, hakupima dini wala jina, na mahakama ya Ulaya ilikuwa imeruhusu wale watano waende. Lakini nimesoma maandishi mengi ya 2009 yanayodai kwamba mwenye Asperger hapaswi kufungwa katika nchi ya mbali, kwamba kosa la kompyuta lihukumiwe pale vidole vilipobonyeza, kwamba mkataba ni mbovu kwa kila Mwingereza. Kama hayo yalikuwa kanuni, yalimhusu Ahsan neno kwa neno. Gazeti lililoongoza kampeni halikumfanyia kampeni. Hakurekodiwa wimbo na watu wa Pink Floyd. Familia yake ililiona hilo na kulisema wazi wiki ileile.

Marekebisho aliyoyaahidi May yalikuja kumsaidia mtu mwingine. Lauri Love wa Suffolk, aliyedaiwa kudukua kompyuta za jeshi la Marekani, NASA na benki kuu ya nchi hiyo, alishinda Mahakama Kuu Februari 2018, na majaji walikitumia kifungu hichohicho. Kilianza kutumika Oktoba 14, 2013. Siku hiyo McKinnon alikuwa huru. Talha Ahsan alikuwa katika gereza la ulinzi mkali huko Somers, Connecticut, mwaka mmoja na siku chache tangu ashushwe kwenye ile ndege, akingojea kesi. Hukumu yake ilikuja Julai 2014: jaji aliona kwamba muda aliokwisha kukaa ndani, Uingereza na Marekani, unatosha.