Picha ukutani: Mpango huanzia sakafuni, si kwenye msumari

KATIKA sebule nyingi nchini, picha za jamaa hutundikwa juu sana, karibu na dari, zikiwa zimeinama mbele kana kwamba zinawachungulia waliokaa chini. Ya harusi iko pembe hii, ya mahafali pembe ile, kalenda katikati, na ile ya pekee ya babu aliyekwisha kufariki imeelekea dirisha ambako jua huipiga kila alasiri. Mgeni anayetaka kuitazama sura ya marehemu hulazimika kusimama na kuinua shingo. Miaka ikipita, hata akiinua shingo haoni ila kivuli kilichochujuka.

Kasoro hizi mbili, yaani kutundika mahali pasipotazamika na kuharibu kitu kisichopatikana tena, hurekebishika bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni futi ya kupimia, karatasi kuukuu na subira.

Si desturi ngeni

Kupamba ukuta mmoja kwa vitu vingi hakukuanza jana. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kilijengewa zidaka, yaani safu za vishubaka katika plasta ya chokaa, ambamo wenyeji waliweka vyombo vya kauri kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani. Kila kishubaka kilikuwa na nafasi yake, lakini vyote kwa pamoja vilionekana kama pambo moja.

Nchini Ufaransa, maonyesho ya sanaa yaliyofanyiwa katika ukumbi wa Salon Carré, ndani ya jumba la Louvre jijini Paris, kuanzia mwaka wa 1725, yalijaza picha ukutani toka chini hadi karibu na dari. Wachoraji walinung'unika kazi zao zilipowekwa juu, kwani picha isiyofikiwa na macho ni kama haipo.

Funzo ni kwamba picha nyingi zaweza kukaa ukuta mmoja bila fujo, mradi ziwe na kitu kinachoziunganisha na ziwe mahali ambapo macho hufika bila taabu.

Kuchagua

Kiungo hicho chaweza kuwa rangi moja ya fremu, mada moja, au picha zote kuwa nyeusi na nyeupe. Kimoja chatosha. Kikishapatikana, picha ya ukoo yaweza kukaa jirani na mchoro wa mtoto, kipande cha leso kilichotiwa fremu au kazi ya msanii wa humu nchini.

Anayetaka kuyazoesha macho yake kazi za sanaa anaweza kuzuru jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katikati mwa jiji la Nairobi. Humo mna sehemu ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966 na kufariki mwaka wa 1990.

Kupanga

Kwanza hupimwa eneo la ukuta litakalotumiwa, kisha eneo la ukubwa uo huo hutiwa alama sakafuni kwa uzi. Picha kubwa kuliko zote huwekwa kwanza, kando kidogo ya katikati, na nyingine huizunguka. Nafasi kati ya fremu na fremu iwe ya sentimita 5 hadi 8, na isibadilike-badilike. Picha huhamishwa hadi mpango uridhishe, kisha mpango wenyewe hupigwa picha kwa simu ili usisahaulike.

Baadaye karatasi hukatwa kwa vipimo vya kila fremu na kubandikwa ukutani kwa selotepu. Ni vyema karatasi hizo ziachwe siku moja au mbili, watu wa nyumbani wakipita na kuzitazama. Haraka haraka haina baraka: karatasi ni rahisi kuhamisha, ilhali tundu la msumari huacha kovu.

Kipimo cha kukumbukwa ni hiki: katikati ya kundi zima pawe na urefu wa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, fremu za chini ziache sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wa kochi, na upana wa kundi uwe kama thuluthi mbili za kochi lenyewe. Mathalani, kochi la upana wa sentimita 210 hufaana na kundi la sentimita 140.

Mahali pa msumari pia huhesabiwa. Tuseme fremu ina urefu wa sentimita 60 na katikati yake patakuwa sentimita 150. Ukingo wake wa juu utafika 180. Uzi wa nyuma ukivutwa ukasimama sentimita 8 chini ya ukingo huo, msumari utapigwa penye 172.

Kutundika

Kuta za mawe huhitaji misumari ya chuma kigumu. Fremu nzito hutakiwa kutobolewa ukuta kwa keekee, kutiwa kipande cha plastiki kinachoshika skrubu, na kutundikwa kwa skrubu mbili badala ya moja. Katika nyumba ya mbao au mabati, msumari upigwe kwenye nguzo au boriti. Asipige mtu msumari juu au chini ya swichi ya umeme, kwani nyaya zilizo ndani ya ukuta aghalabu hupita wima mahali hapo.

Wapangaji, ambao huenda wakakatwa fedha za amana kwa sababu ya matundu, wanaweza kuomba ruhusa ya kuweka rafu moja nyembamba na kuegemeza picha juu yake. Matundu machache yatatosha picha nyingi.

Kuhifadhi

Jua, unyevu na moshi ndio maadui wakubwa. Picha isielekezwe dirisha lenye jua kali, isiwe karibu na jiko, wala isitundikwe kwenye ukuta unaotoa majimaji wakati wa masika. Kioo kisigusane na picha, la sivyo hunatana. Kadibodi iliyokatwa dirisha katikati huvitenganisha. Vipande vidogo vya mpira nyuma ya pembe za chini za fremu huruhusu hewa kupita, jambo muhimu hasa Pwani.

Muhimu kuliko yote, picha isiyo na nyingine isitundikwe kamwe. Itolewe nakala, nakala ndiyo ikae ukutani, na ile ya asili iwekwe ndani ya bahasha mahali pakavu pasipo mwanga. Nakala zaidi zikigawiwa ndugu, moto au mafuriko ya nyumba moja hayataufuta uso wa mzee.

Kabla ya fremu kufungwa, majina ya waliomo, mahali na mwaka viandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini. Wanaowafahamu watu hao bado wapo na wanaweza kuulizwa leo. Wasipoulizwa, wajukuu watarithi ukuta uliopangwa vizuri, wenye sura za wageni.