Demut: Neno la Kiebrania la Mfano

Demut ni nomino ya Kiebrania cha Biblia yenye maana ya mfano, ufanano au umbo linalolingana na kitu kingine. Limetokana na kitenzi damah, yaani kufanana, na kiishio -ut kinachounda nomino za dhahania. Hupatikana takriban mara 25 katika Biblia ya Kiebrania, zaidi ya nusu zikiwa katika kitabu cha Ezekieli. Umaarufu wake, hata hivyo, umetoka katika Mwanzo 1:26, ambapo mtu anaumbwa kwa tselem, yaani sura au sanamu, na demut ya Mungu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) imetumia hapo maneno mfano na sura. Wengi wamefundishwa kwamba maneno hayo yanataja vipawa viwili, kimoja cha kudumu na kingine kinachoweza kupotea. Matumizi ya neno lenyewe hayaungi mkono fundisho hilo.

Demut lina uwanja mpana. Katika 2 Wafalme 16:10, mfalme Ahazi aliyekuwa Dameski anampelekea kuhani Uria demut ya madhabahu aliyoiona huko, ili ajenge nyingine kama hiyo. Hapa neno ni kielelezo cha fundi. Katika 2 Mambo ya Nyakati 4:3 ni maumbo ya ng'ombe chini ya birika kubwa la hekalu. Katika Isaya 40:18 linaingia ndani ya swali kuhusu kile kinachoweza kulinganishwa na Mungu. Ezekieli analitumia mara kumi katika sura ya kwanza peke yake, akieleza maono asiyothubutu kuyataja waziwazi. Kwa hiyo demut hueleza uhusiano wa kitu na kile kinachofanana nacho, na muktadha ndio unaoonyesha ufanano huo ni wa karibu kiasi gani.

Uhusiano wake na tselem unaonekana vizuri katika Mwanzo 5:3, ambapo Adamu anamzaa Sethi. Maneno yote mawili yanarudi, lakini yamebadilishana nafasi na viambishi: lililotangulia katika 1:26 sasa linafuata. Mwandishi aliyekusudia vipawa viwili vyenye ngazi tofauti asingeyageuza kwa wepisi huo. Ushahidi mwingine ulipatikana Tell Fekheriye, Syria, mwaka 1979: sanamu ya Hadad-yithi, mtawala wa Guzana, ya karne ya 9 KK, yenye maandishi ya Kiakadi na Kiaramu. Sehemu ya Kiaramu inaitaja sanamu hiyohiyo moja kwa maneno yote mawili, ndugu wa demut na tselem.

Utengano ulikua katika tafsiri. Kiebrania cha Mwanzo 1:26 hakina kiunganishi kati ya maneno hayo, lakini Septuaginta ya Kigiriki iliweka «na», na baadaye Vulgata ya Kilatini ikafanya vivyo hivyo. Katika karne ya 2 Ireneo wa Lyon aliweza kueleza kwamba sura (tselem) ya Mungu hubaki ndani ya mtu, ilhali mfano (demut) ulipotea kwa dhambi na hurudishwa na Roho.

Inaweza kupingwa kwa hoja kwamba Kiaramu si Kiebrania, na kwamba tselem hutumika pia kwa sanamu za miungu, kama katika Hesabu 33:52, jambo ambalo demut halifanyi. Pingamizi hili lina uzito: maneno haya si mapacha kamili, na demut huenda linapunguza ugumu wa tselem, lisije likaeleweka kuwa sanamu ya kuchongwa. Lakini neno linalofafanua jingine haliongezi kipawa cha pili. Na Ireneo akitetewa kwa hoja kwamba alieleza imani yake kuhusu wokovu, utetezi huo unakubalika. Imani hiyo itafute msingi wake kwingineko, si katika tofauti ya maneno haya.

Jambo hili linagusa heshima ya binadamu. Mwanzo 5:1 inataja demut ya Mungu baada ya Adamu kufukuzwa bustanini, na Yakobo 3:9, kwa neno la Kigiriki homoiosis lililotumiwa na Septuaginta katika Mwanzo 1:26, inakemea kuwalaani watu kwa sababu wamefanywa kwa mfano wa Mungu. Hoja ya Yakobo ina nguvu pale tu mfano huo unapokuwa bado ni wa kila mtu, hata yule anayelaaniwa.