Ukumbi wa Mvumi ulikuwa zizini

Anayetaka kujua Wagogo wa Mvumi, mkoani Dodoma, waliimbia wapi zamani asitafute jukwaa. Aulize zizi lilikuwa wapi.

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, lilikuwa mstari wa vyumba uliopinda pembeni na kuzunguka ua. Miti yenye panda ilichimbiwa ardhini, ikabebeshwa boriti, kisha fito, majani, na juu kabisa udongo. Paa lilikuwa bapa na la chini. Sababu ni kwamba nyanda za Ugogo zina upepo mwingi na miti mirefu michache. Usiku ua ulikuwa zizi la ng'ombe. Watu nao walikuwa na zamu yao: kesi, harusi, ngoma. Kwa maoni yangu fundi wa tembe alijenga ukumbi bila kukusudia, maana kuta za udongo zilikinga upepo, na zeze halina sauti ya kushindana nao. Muheme, ngoma ambayo wanawake huibana mapajani, haikuhitaji msaada huo.

 

Wamisionari wa Kianglikana walileta ukumbi wa aina nyingine: kanisa, watu wameketi safu safu wakitazama mbele. Kwaya zikaingiza humo mahadhi ya Kigogo, nayo yakakubali. Paa la bati ndilo halikukubali. Mvua ikinyesha, mwimbaji hujiimbia mwenyewe. Paa la udongo lilivuja, lakini halikupiga kelele.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma, mwaka 1971, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifyatua matofali Chamwino pamoja na wanakijiji. Nyumba bora ilikuwa ya familia moja, kwenye kiwanja chake, imepangwa kwa mistari. Ua wa pamoja haukuwa na nafasi katika ramani hiyo. Mwaka 1986 mifugo nayo ikaondolewa Mvumi ili kuokoa udongo uliokuwa ukimomonyoka; hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, ila zizi likabaki bila mwenyewe.

Muziki haukungoja ukumbi. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliupeleka Bagamoyo, kisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Na tangu mwaka 2009 vikundi vya vijijini hukutana Chamwino kwenye Tamasha la Muziki wa Wagogo, ambako ngoma huchezwa uwanjani na watazamaji wenyewe ndio ukuta.