Asili ya Kupima Pembe

Kila mwalimu wa watoto wadogo amepata kuliona jambo hili. Huchora ubaoni pembe mbili zilizo sawa, moja ya mistari mifupi na moja ya mistari mirefu. Akiuliza ipi iliyo kubwa, wengi huonyesha ile ya mistari mirefu. Mimi nalikuwa nikiwapa kipimapembe siku ile ile, nikidhani nyuzi zitawafumbua macho. Waliandika 120 mahali pa 60, wala hawakushtuka. Kosa lilikuwa langu, nami nililitambua niliposoma habari za watu wa kale.

Wamisri waliojenga kwa mawe makubwa waliujua mwinamo pasipo nyuzi. Katika kitabu cha mafunjo alichokinakili mwandishi Ahmose, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, swali la piramidi ni hili: ukipanda dhiraa moja, umeingia ndani viganja vingapi? Jibu mojawapo ni viganja 5 na kidole 1. Dhiraa yao ilikuwa viganja 7, na kiganja vidole 4.

Nyuzi asili yake ni Babeli. Watu wa huko walihesabu kwa sitini, na watazama nyota wao waliigawa njia ya jua sehemu 12, kila sehemu tena 30, jumla 360. Hesabu hiyo ni njema, maana yagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubakiza kitu. Wayunani waliipokea, na Ptolemy wa Iskanderia, katika karne ya pili baada ya Kristo, akaitumia katika kitabu chake cha nyota, ambacho Waarabu walikifasiri baadaye. Wafaransa, katika miaka ya 1790, walitaka pembe mraba iwe na sehemu 100. Lakini 90 haikung'oka.

Walakini Euclid, aliyeishi yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika vitabu vyake vya jiometri hapimi pembe kwa nyuzi kabisa. Kwake, mstari ukisimama juu ya mwingine, na pembe za pande mbili zikawa sawa, kila moja ni pembe mraba. Iliyo kubwa kuliko hiyo ni butu, iliyo ndogo ni kali. Kwa kipimo hicho kimoja alithibitisha kwamba pembe tatu za pembetatu yoyote, zikijumlishwa, ni sawa na pembe mraba mbili.

Basi siku hizi naanza na karatasi. Kila mtoto huikunja mara moja, kisha huukunja ule mkunjo juu yake wenyewe, kingo zikalingana. Hiyo ndiyo pembe mraba ya Euclid, hata kama karatasi imechanika ovyo. Huenda nayo mlangoni, mezani, penye boriti za paa, akisema: hii kali, hii butu. Urefu wa boriti haumdanganyi tena, kwa kuwa anatazama uwazi tu. Kipimapembe hungoja juma la pili. Mtoto akiandika 120 penye pembe kali, huifuta mwenyewe kabla sijafika kwake.