Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee

Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee ni kumlisha mtoto maziwa ya mama tangu saa ya kwanza baada ya kuzaliwa hadi atimize miezi 6, bila maji, uji, maziwa ya ng'ombe wala ya kopo. Dawa na vitamini zilizoagizwa na mhudumu wa afya hazihesabiwi kuwa chakula. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Muda wa miaka 2 umetajwa pia katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, na Waislamu wa pwani waliufahamu karne nyingi kabla ya WHO kuundwa.

Maziwa ya siku za mwanzo, yaani dang'a, ni mazito, ya njano na machache. Katika jamii nyingi yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, na hapo mtoto alipoteza kinga yake ya kwanza. Maziwa hayo yana wingi wa kingamwili, hasa zile za aina ya IgA, ambazo hutanda juu ya utando wa utumbo na kuzuia vijidudu kupenya. Uchache wake si kasoro, kwani tumbo la mtoto wa siku moja hutosheka na mililita chache tu kila anaponyonya. Utafiti uliofanyika vijijini Kintampo, Ghana, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga vingeepukika iwapo wote wangeanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Kinga hiyo haiishii kwenye dang'a. Kijidudu kikiingia katika utumbo wa mama, chembe za kinga zilizokutana nacho husafiri hadi kwenye matiti, na huko hutengeneza kingamwili za kupambana na kijidudu hichohicho. Hivyo mtoto hupata kinga dhidi ya maradhi yaliyomo ndani ya nyumba anamoishi, jambo ambalo hakuna maziwa ya kopo yanayoliweza.

Mahali ambapo faida hizi hupotea zaidi ni kwenye lile sharti la "pekee". Takriban asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo hata katika joto la Dar es Salaam au Garissa mtoto hahitaji kunyweshwa maji. Maji na uji mwepesi huweza kumletea vijidudu vya kuhara, tena hujaza tumbo, naye akanyonya kidogo. Titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa, na ile hofu ya mama kwamba maziwa hayatoshi huwa kweli kwa sababu ya uji wenyewe. Dawa ya kwanza ni kumpakata mtoto vizuri na kumnyonyesha mara nyingi zaidi, usiku na mchana.

Uzito wa sharti hilo ulidhihirika hata katika maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Mwaka 1999 Anna Coutsoudis na wenzake huko Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba watoto walionyonya tu waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko waliochanganyiwa vyakula. Leo WHO inashauri mama mwenye virusi anayetumia dawa za kufubaza ipasavyo anyonyeshe.

Kwa mama, kunyonya kwa mtoto huamsha homoni ya oksitosini, ambayo hubana mfuko wa uzazi na kupunguza damu inayotoka baada ya kujifungua. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha huenda pamoja na kupungua kwa uwezekano wa saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, na miezi hiyo hujumlishwa kwa watoto wote aliowanyonyesha.

Nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa pekee walikuwa asilimia 32 mwaka 2008–09, wakafika asilimia 61 mwaka 2014. Mabadiliko yanawezekana, ila hayapaswi kuachiwa mama peke yake. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, ambazo hazifiki hata nusu ya miezi 6, pamoja na saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mama lishe na muuza mboga sokoni hawana hata hizo. Anayelazimika kurudi kazini anaweza kukamua maziwa katika chombo safi chenye mfuniko. Hukaa saa 4 hivi mahali pasipo na joto kali, au siku 4 ndani ya jokofu, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha.