Sengu na Mlango Uliofungwa

Jioni, kazi za shambani zikiisha, majiko ya ukoo mzima yalitoa chakula kwa pamoja. Akina mama walibeba ugali na kitoweo hadi kwenye uwanja wa mzee. Wanaume waliketi, wavulana wakakaa karibu nao, wakanawa mikono, na kikao kikaanza kabla hata ya tonge la kwanza. Wamatengo wa Mbinga walikiita sengu. Hapo zilipangwa kazi, ugomvi wa mipaka ukamalizwa, kijana aliyeanza kupotoka akakanywa mbele ya wajomba na baba wadogo zake.

Walioandika juu ya Umatengo huieleza sengu kama chombo cha utawala wa ukoo. Ni kweli, lakini ilikuwa pia chuo, tena chenye mafunzo marefu. Mvulana alianza kwa kula na kunyamaza. Miaka ikapita akisikia jinsi mzee anavyouliza, anavyonyamaza, anavyomwacha mkosaji aseme hadi maneno yamwishie. Siku alipopewa nafasi ya kumshauri mwenzake, alikwisha kusikiliza kesi zisizo na idadi.

Mazingira yenyewe yalidai chuo cha namna hiyo. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo milimani, wakabanana kwenye miteremko mikali. Huko walilima kwa ngolo: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, hadi mlima mzima unajaa mashimo mfano wa sega la nyuki. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Aliyeacha kutokea shambani, kwa ulevi au kwa huzuni, alionekana siku hiyohiyo. Vivyo hivyo, nyumba ambayo chakula chake hakikufika uwanjani ilikuwa imekwisha kutoa habari zake bila kusema neno.

Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Waliopika hawakuketi. Mke wa mlevi alilisikia shauri la nyumba yake kutoka kinywani mwa wanaume, pengine akiwemo mlevi mwenyewe. Na maradhi yaliyohesabiwa kuwa ya pepo au ya uchawi yalikuwa na wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, waganga wa mchape, dawa ya kuwasafisha wachawi, walitoka Nyasaland na kusambaa nchi jirani, Tanganyika ikiwamo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Watumbuka waliwachezea wagonjwa wa roho ngoma ya vimbuza, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wamisionari na serikali za kikoloni walikuwa na jibu lao: kuta. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kama makao ya wamisionari kwa watoto waliokombolewa utumwani, ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927. Kwa mtu wa Mbinga au Liuli, Dodoma ilikuwa mbali kiasi kwamba jina la hospitali lilifika kijijini kabla ya huduma yake, tena likafika kama tusi. Hadi leo, kumwambia mtu apelekwe Mirembe si kumtakia afya.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa ikipanda milimani. Mti wa kahawa hukaa shambani miaka mingi, na fedha yake huingia mfukoni mwa mtu, haiingii kwenye sahani ya ukoo. Shule iliwachukua wavulana, familia zikatawanyika kutafuta ardhi mpya, na sengu ikafifia pole pole. Msimu wa malipo ya kahawa ukawa pia msimu wa vilabu vya pombe. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ililenga gongo, iitwayo pia moshi: iliona mtambo na mpishi wake, lakini mnywaji aliyeshindwa kuacha hakuwa na fungu ndani yake. Kisha soko la kahawa likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990, na chama kikuu cha ushirika cha wilaya, MBICU, kikaanguka. Wakulima walipoteza mkopo wa pembejeo na mnunuzi wa uhakika kwa mpigo mmoja.

Neno “ushauri nasaha” liliingia midomoni mwa watu kwa njia ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya 2000 vituo vya kupima VVU vya Angaza vikalisambaza neno hilo mijini na vijijini. Washauri wengi wa kipindi hicho walifunzwa kwa kozi fupi, na somo lao la kwanza lilikuwa siri: chumba, viti viwili, mlango uliofungwa. Mashahidi, waliokuwa nguvu ya sengu, sasa waligeuka kuwa hatari.

Heroini iliyokuwa imeota mizizi Pwani ilidai zaidi ya kozi fupi. Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, Dkt. Jessie Mbwambo akiwa miongoni mwa walioisimamisha. Dawa peke yake haikutosha, akahitajika mtu wa kukaa na mraibu wiki baada ya wiki. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambamo nadharia hufuatwa na kazi wodini chini ya macho ya msimamizi, kisha tasnifu. Marekani, baraza la ithibati CACREP humtaka mwanafunzi wa uzamili wa unasihi atimize saa 700 za kazi kwa vitendo. Na tangu mwaka 1983, mwanasaikolojia William Miller alipoandika juu ya kuwasikiliza walevi badala ya kuwakaripia, mbinu hiyo imeingia katika mitaala ya uraibu duniani. Wazee wa sengu wangecheka kidogo hapo: kusikiliza walikujua, ila karipio nalo hawakuliacha.

Barabara ya lami ya takribani kilomita 66 sasa inashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na hospitali za misheni za Litembo na Liuli zimehudumia watu kwa miongo mingi. Lakini msomi anayetoka Dar es Salaam na kanuni ya mlango uliofungwa atakuta kijiji ambamo kila mpita njia anajua nani ameingia kupitia mlango huo, na alitoka uso wake ukiwaje.

Zimbabwe walijaribu njia nyingine. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili za sonona zilipungua kwa waliokaa nao. Ni wazee, na ni nje penye jua, kama sengu. Tofauti ni kwamba safari hii waliokalia benchi ni wanawake.

Mbinga kwenyewe, jina la sengu halikufa. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA kilifanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, na ukumbi wa wazee ukarudi kwa sura ya kamati. Wanakamati wa sengu walikutana tena, mbele yao kukiwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto, mfereji wake, na fedha za unga.