Mguu, laini na kishikio: istilahi za GPIO kwa Kiswahili

Fundi wa redio akifungua kifaa mezani, vile vichuma vinavyochomoza pembeni mwa aisii huviita miguu. Vitabu huandika pini. Maneno yote mawili yanafaa, mradi tunazungumzia chuma chenyewe, kile kinacholehemiwa, kinachokatika, kinachoguswa kwa ncha ya mita. Utata huanza neno pini linapotoka mezani na kuingia kwenye programu, maana humo ndani linabebeshwa mambo matatu kwa mpigo.

Kifupi cha GPIO kinahusu miguu ambayo mtengenezaji wa chipu hakuifunga kwenye kazi moja. Programu ndiyo inayoamua: huu upokee ishara ya kitufe, ule utoe ishara ya kuwasha taa. Ukikitafsiri neno kwa neno utapata “pini ya ingizo na pato ya madhumuni ya jumla”, kauli ambayo fundi hataitamka mara mbili. Ni afadhali kifupi kibaki kama kilivyo, nguvu zetu zikaenda kwenye maneno yanayokizunguka.

Chukua bodi ya Arduino Uno, ile yenye chipu ya ATmega328P ya miguu 28. Taa ndogo iliyo juu ya bodi imeungwa kwenye mguu wa 19. Waliotengeneza chipu wanauita mguu huo PB5, yaani biti ya 5 ya mlango B. Mwanafunzi anayeandika programu yake anauita 13, kwa sababu ndiyo namba iliyochapwa kwenye bodi. Ni ishara moja yenye majina matatu, na kila jina ni sahihi mahali pake.

Wanaoandika kiini cha Linux waliitatua shida hii kwa kutenganisha vitu viwili. Mguu ni mambo ya chuma, una mfumo wake wa kuusimamia. Kile ambacho programu inakiomba, inakisoma na kukiandikia, wanakiita laini. Chipu moja ina laini kadhaa, zinahesabiwa kuanzia sifuri ndani ya chipu hiyo hiyo. Kiswahili tayari tunalo neno laini, tunalitumia kwa simu kila siku, na hapa linakaa vizuri bila kulazimishwa. Pendekezo langu basi: mguu au pini kwa chuma, laini kwa ishara.

Laini hizo leo zinaombwa kupitia kiolesura cha pamoja. Kabla ya 2007 kila familia ya chipu ndani ya Linux ilikuwa na lugha yake. Kwenye AT91 uliita at91_set_gpio_value, kwenye OMAP ukaita omap_set_gpio_dataout. Kazi ni ile ile ya kupandisha au kushusha volti, lakini kiendeshi cha skrini ya kugusa kilichoandikiwa bodi moja hakikuhamia bodi nyingine bila kupasuliwa. David Brownell alileta majina ya pamoja, yakaingia katika toleo la 2.6.21 mwaka 2007. Mwaka uliofuata, toleo la 2.6.25 likaja na maktaba yenyewe, gpiolib. Tangu hapo mwenye chipu anatoa orodha fupi ya kazi: weka mwelekeo, soma, andika. Mwenye kiendeshi cha taa anaziita bila kujua zinatekelezwaje. Jokofu nalo haliulizi kama umeme umetoka bwawa la Kidatu au la Mtera.

(Nasema kiendeshi, si dereva. Dereva ana leseni na anaweza kugoma.)

Ugumu wa kubuni kiolesura kama hiki hauko kwenye kuandika sifuri na moja. Uko kwenye tofauti za vifaa ambazo kiolesura kikizificha, kinadanganya. Kuna chipu za nyongeza kama PCF8574, yenye laini 8, zinazozungumza na kompyuta kupitia nyaya mbili za I2C. ATmega ya megahezi 16 hubadilisha laini yake yenyewe kwa nanosekunde 125. PCF8574, kwa mwendo wa kilohezi 100, hutaka karibu sehemu mbili za kumi za milisekunde, na wakati huo mwombaji anasubiri. Kuna nyakati ndani ya kiini ambapo kusubiri ni marufuku. Ndiyo maana gpiolib ina kazi za aina mbili, za haraka na za kusubiri, na mwandishi wa kiendeshi analazimika kuchagua. Mimi naona walifanya vyema kutoificha tofauti hiyo.

Jambo jingine ni maana ya moja. Moduli nyingi za rilei zinazouzwa madukani huwasha pampu pale laini inaposhuka kuwa sifuri. Kiolesura kizuri hutenganisha hali na volti: kiendeshi kinasema “washa”, na maelezo ya bodi ndiyo yanayojua kama kuwasha ni kupanda au kushuka. Kwa hiyo tuseme imewashwa na imezimwa tunapotaja hali, juu na chini tunapotaja volti, tusiyachanganye.

Namba tupu nazo zilileta balaa lake. Mwanzoni kila laini ilikuwa na namba moja kwa mfumo mzima. Programu za zamani za Raspberry Pi ziliandika 17 na kuendelea na shughuli zao, mpaka kiini cha 6.6 kilipoingia na kwenye bodi kadhaa laini hiyo ikawa 529, kwa kuwa hesabu sasa ilianzia 512. Dawa ilikuwa imeshaandaliwa na Alexandre Courbot katika toleo la 3.13, mwaka 2014. Kiendeshi kinaomba laini kwa jina la kazi yake, kinapewa kitu cha kuishikia, na mwingine akija kuiomba anakataliwa. Kitu hicho nakiita kishikio. Wapo watakaopenda kielezi, lakini neno hilo wanasarufi wameshalichukua.

Ukiandika mwongozo wa mradi wako, taja kila mara kama namba ni ya mguu, ya bodi au ya laini. Kwenye Raspberry Pi, laini ya 17 iko kwenye pini ya 11. Pini ya 17 hutoa umeme wa volti 3.3 muda wote, na taa itakayoungwa hapo hakuna programu itakayoizima.